Nyumba Njema si Mlango

Mazungumzo ya redioni. Somo: Luka 10:30–37

Labda unakunywa chai. Labda unawatayarisha watoto kwenda shule. Au labda umeketi kando ya kitanda cha mzazi aliye mgonjwa, na usiku kucha hukupata usingizi. Kama ndivyo, mazungumzo ya leo ni yako hasa.

Liko jambo ambalo jamaa nyingi za Kikristo hulisema kwa kunong'ona tu. Je, yafaa kumpeleka mzazi aliyezeeka, au aliyepigwa na kiharusi, katika nyumba ya kutunzia wazee na wagonjwa? Na kama yafaa, tutajuaje kwamba nyumba hiyo ni njema? Leo sitasema kama mtu aliyesoma vitabu. Nitasema kama mtoto wa mama yangu.

Mwaka 2022 mama alikuwa na umri wa miaka 74, akiishi peke yake kwetu katika milima ya Taita, upande wa Wundanyi. Asubuhi moja alikwenda kuchuma mboga, akaanguka shambani. Majirani walimkuta mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno yamemwishia kinywani. Njia ya kwetu haipiti gari, kwa hiyo vijana wa kanisa walimbeba kwa machela mpaka barabarani. Alilazwa siku 16. Kisha daktari akatuita watoto wake, akasema: "Hatari ya kufa imepita. Sasa kazi iliyobaki ni mazoezi ya viungo na ya kusema. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Msiipoteze."

Tukafanya kikao cha jamaa. Mdogo wangu akasimama na kusema, "Sisi si watu wa kumtupa mama kwa wageni. Tutamtunza sisi wenyewe." Sote tukaitikia Amina. Nami, kwa kuwa ndimi kifungua mimba, nikamchukua mama mpaka nyumba ya parokia ninayotumikia, huko Mombasa.

Ndugu, nataka ulisikilize vizuri lile neno "sisi". Mdogo wangu alirudi kazini kwake. Dada yangu alirudi Nairobi. Mimi nilikuwa na mazishi, arusi, na mikutano ya halmashauri. Basi "sisi" ilikuwa nani? Ilikuwa mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliamka saa kumi alfajiri kumgeuza mama, kumwosha, kumbadilisha nguo na kumlisha uji kwa kijiko. Kisha alikwenda shuleni, akimwacha mama na msichana wa kazi ambaye hakuwahi kufundishwa kumwinua mgonjwa. Mazoezi yalikuwa mara moja kwa juma, kama nilipata nafasi ya kumpeleka hospitalini. Juma la tano mama alimponyoka mke wangu bafuni, wakaanguka wote wawili. Mifupa haikuvunjika, lakini mke wangu aliumia mgongo. Siku ile ile tukaona kidonda chini ya kiuno cha mama, kikubwa kama shilingi, kwa sababu ya kulala upande mmoja muda mrefu.

Usiku ule mke wangu aliniambia, "Baba watoto, mimi nampenda mama. Lakini mgongo umekataa." Ndipo nilipofahamu kwamba heshima yote tuliyojivunia katika kile kikao ilikuwa imebebwa na mgongo wa mtu mmoja, na mgongo huo sasa ulikuwa umeumia.

Nilifungua Biblia katika mfano wa Msamaria Mwema. Nilipokuwa katika chuo cha theolojia tuliusoma mfano huu kwa Kiyunani, tukabishana sana habari za kuhani na Mlawi. Sikumbuki kwamba hata mmoja wetu aliuliza habari za ile nyumba ya wageni. Lakini itazame. Yule Msamaria aliosha vidonda, akavifunga, akampakia yule mtu juu ya mnyama wake. Hakumpeleka kwake. Alimpeleka mahali palipokuwa na watu wa kumtunza. Neno la Kiyunani lililotumika hapo lina maana ya nyumba inayopokea watu wote. Naye Bwana wetu hamhesabu kuwa aliyemtupa mwenzake. Amemfanya kielelezo, akatuamuru tukafanye vivyo hivyo.

Hata Bwana Yesu mwenyewe, alipokuwa msalabani, alimweka mama yake katika nyumba ya mwanafunzi aliyempenda. Ilikuwa nyumba ya mtu mwingine, lakini ilikuwa nyumba aliyoichagua mwenyewe.

Kwa hiyo kumfikisha mzazi kwenye nyumba ya watunzaji si dhambi kwa sababu tu ni nyumba ya watunzaji. Swali ni hili: umempelekaje? Katika mfano huu nayaona mambo matatu ambayo Msamaria aliyafanya, nasi tuliyafuata kwa kusitasita.

Jambo la kwanza: aliingia ndani. Biblia yasema kwamba alimtunza mwenyewe hapo, na ya kwamba alitoa fedha siku ya pili yake. Maana yake alilala pale. Aliijua nyumba ilivyo usiku, si mchana tu. Nao wahenga wetu walisema, nyumba njema si mlango.

Sisi tulitazama nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa na lango zuri, maua, na viti vya kupendeza vya kupokelea wageni. Tuliandaliwa chai na keki. Lakini tulipoomba kuona vyumba tulionyeshwa kimoja tu, nacho hakikuwa na mtu. Ilikuwa saa nne asubuhi, na tulipochungulia ukumbini wazee wote walikuwa wamelala vitini. Mzee mmoja aliita mara nyingi, asiitikiwe. Nikauliza mbona wote wamelala. Nikajibiwa, "Wanapenda kulala." Nikauliza kama naweza kurudi usiku. Nikaambiwa wageni ni siku ya Jumapili alasiri tu. Tuliaga.

Nyumba ya pili ilikuwa safi, na watumishi wake wapole. Nisingekuwa na shaka kumweka hapo mzee anayehitaji pa kukaa na watu wa kuzungumza nao. Lakini haikuwa na mtu wa mazoezi ya viungo, wala haikuwa na vyombo vya mazoezi. Mkuu wa nyumba alituambia kweli: "Mama yenu bado anaweza kuinuka. Hapa kwetu ataketi tu." Namshukuru mpaka leo. Ujue, ndugu, kwamba nyumba ya kukaa na nyumba ya kurudishia nguvu si kitu kimoja. Kabla hujaanza kutafuta, muulize daktari ni ipi mgonjwa wako anahitaji.

Nyumba ya tatu ilikuwa na bati la zamani, na rangi yake imechakaa. Tulifika bila kupiga simu, saa ya chakula cha mchana. Mpishi alikuwa akiwaita wazee kwa majina. Niliketi pembeni nikatazama mambo machache, nami nitakutajia ili nawe uyatazame.

Nilitazama wanavyomlisha mgonjwa. Mtu wa kiharusi mara nyingi hupata taabu kumeza, na chakula kikipita njia isiyo yake huingia mapafuni na kuleta nimonia. Pale walimketisha wima, wakampa kijiko kidogo, wakangoja ameze. Hakuna aliyelishwa akiwa amelala chali.

Nilitazama wanavyomwinua mgonjwa. Ukiona mtumishi anamvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza, jihadhari, maana bega huteguka upesi. Pale wawili walishirikiana, mmoja akimshika kiunoni, wakihesabu moja, mbili, tatu.

Niliingia chooni. Kulikuwa na vyuma vya kushikilia ukutani, na sakafu ilikuwa kavu. Nilinusa hewa ya vyumba. Nilitazama kama maji ya kunywa yako mahali ambapo mkono mzima wa mgonjwa unafika. Niliuliza juu ya kugeuzwa kwa wale wasioweza kujigeuza, nikaonyeshwa daftari lenye saa zilizoandikwa, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kisha nilirudi saa tatu usiku, bila kutoa habari, nikabisha. Nilifunguliwa. Nikakuta wauguzi wawili wako macho.

Nalo ni kubwa kuliko hayo: tulisahau kumwuliza mama. Dada yangu ndiye aliyetukumbusha. Akasema, "Mama amepoteza maneno, hakupoteza akili." Tukampeleka akaione nyumba. Tuliporudi tulimwuliza polepole, tukimtaka atikise kichwa au atubane mkono. Kwanza alilia, nasi tukalia. Kisha akanyosha mkono wake wa kushoto, ule ulio mzima, akamshika mke wangu mgongoni, akaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo mama alivyotupa ruhusa.

Jambo la pili: Msamaria alipatana waziwazi. Alitoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kama tunavyosoma katika Mathayo 20. Basi alitoa mshahara wa siku mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Hakumwachia mwenye nyumba mzigo akatoroka, wala hakuona aibu kuzungumza habari za fedha.

Wakristo wengi huona haya kuuliza. Usione haya. Uliza malipo ya mwezi yanahusu nini, na yasiyohusu ni nini: dawa, nepi, mazoezi, gari la kwenda hospitalini. Uliza ni kipi bima italipa na kipi haitalipa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa ile bima ya zamani ya NHIF, kwa hiyo usitegemee habari za miaka iliyopita. Jibu litiwe katika maandishi. Uliza mtaalamu wa viungo huja mara ngapi kwa juma, na huketi na mgonjwa mmoja kwa muda gani. Omba kuona leseni. Muuguzi wa kweli ameandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na mwenye leseni hachukizwi na anayetaka kuiona. Uliza daktari ni nani, na usiku mgonjwa akizidiwa atapelekwa wapi na kwa gari gani. Uliza tena: ni mambo gani tunatazamia mama aweze kufanya baada ya miezi mitatu? Nyumba isiyo na jibu la swali hilo itakupokea fedha tu.

Tena lindeni mali ya mzee. Kitambulisho chake na kadi ya benki zikae mikononi mwa mtu ambaye jamaa yote imemkubali. Wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo si nyingi, lakini ni zake. Wala asiwepo mtoto wa kumtilisha mama kidole gumba katika karatasi za shamba wakati ulimi wake umefungwa. Mungu anaona.

Sisi tuligawana gharama watoto watatu, kila mmoja kwa uwezo wake, tukaandika na kutia sahihi. Mdogo wangu, yule aliyesema hatutamtupa mama, ndiye aliyetoa fungu kubwa kuliko sote. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kufaa kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Serikali. Angalia, yawataja wote wawili. Mmoja asimsukumie mwenzake.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito: Msamaria alisema atarudi. Alimwambia mwenye nyumba kwamba atakapopita tena atalipa. Neno hili lilimlinda mgonjwa kuliko zile dinari, kwa maana mwenye nyumba alijua kwamba mtu huyu ana mwenyewe, na mwenyewe yuaja.

Hapa sina budi kuungama mbele yenu. Mwezi wa kwanza nilikwenda kila siku ya pili. Mama alikuwa akifundishwa kusimama, na kila nilipofika walinionyesha hatua yake mpya. Nikatulia moyo. Nikasema, nyumba ni njema, kazi inakwenda. Kisha ukaja msimu wa kipaimara, na matengenezo ya paa la kanisa. Nyumba ile ilikuwa mwendo wa saa moja tu kwa matatu. Hata hivyo nilikaa siku 19 bila kwenda. Muuguzi alinipigia simu mara mbili nikiwa mkutanoni, nami sikuipokea, nikajisemea nitamrudia baadaye, nikasahau.

Siku ya 19 nilifika. Muuguzi hakunikaripia. Alisema tu, "Kasisi, mama amekataa mazoezi siku sita. Tunambembeleza, hataki. Ageukia ukuta." Nyumba haikukosa lolote. Watumishi walifanya kazi yao yote. Lakini kulikuwa na kazi moja isiyoweza kufanywa na mtu wa kuajiriwa, nayo ilikuwa yangu.

Nilikumbuka Marko 7, pale Bwana Yesu anapowakemea watu waliosema kwamba mali ya kuwasaidia wazazi wao wameiweka wakfu kwa Mungu, wakaiita korbani. Ndugu zangu, paa la kanisa lilikuwa korbani yangu. Nilikuwa nimetumia kazi ya Mungu kumnyima mama yangu haki yake, na hakuna aliyenishutumu, maana nilionekana mtumishi mwenye bidii.

Niliingia chumbani. Mama alikuwa ameuelekea ukuta. Nikaketi, nikamshika mkono. Baada ya muda aligeuka polepole. Tangu siku ile shambani hakuwa ametamka neno lililoeleweka. Alinitazama, midomo ikatetemeka, akasema, "Umerudi."

Kesho yake alikubali kusimama. Sikukosa tena, na nilipokosa mimi alikwenda mke wangu, au dada, au mama mmoja wa kanisani. Alikaa miezi mitano katika nyumba ile. Mwaka 2023 tulimrudisha kwetu akitembea kwa mkongojo. Tuliweka vyuma chooni, tukatengeneza njia ya mteremko mlangoni, na mke wangu na yule msichana wa kazi walifundishwa kumwinua. Mkono wake wa kulia haukupona, na maneno yake ni machache. Lakini ananitosha.

Msikilizaji, huenda unasema, "Kasisi, sisi hatuna fedha za nyumba kama hiyo." Najua, na wengi hawana. Hapo ndipo kanisa laitwa kuwa ile nyumba inayopokea wote. Huko Kasarani, Nairobi, masista wa shirika la Little Sisters of the Poor wanatunza wazee maskini katika Nyumba ya Wazee. Shirika hilo lilianza Ufaransa mwaka 1839, wakati mwanamke mmoja, Jeanne Jugan, alipomchukua kikongwe kipofu na kumpa kitanda chake mwenyewe. Alianza na kitanda kimoja tu. Je, ushirika wako hauwezi kuanza na mambo machache? Akina mama wakipeana zamu, binti anayemtunza mzazi atapata kulala usiku mmoja. Vijana wakichanga, kiti cha magurudumu kitapatikana. Na kama karibu nawe iko nyumba ya wazee, nenda. Usingoje Krismasi na magunia ya unga na wapiga picha. Nenda siku ya kawaida, ukaketi. Wako humo wazee ambao kila mlango unapofunguliwa hugeuza shingo.

Nawe uliyempeleka mzazi wako mahali, ukajisikia kuhukumiwa na majirani, nakuambia kwa jina la Bwana: inua kichwa. Lakini kisha uinuke na miguu, uende ukamwone. Hesabu siku. Ni siku ngapi tangu ulipokwenda mara ya mwisho?

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, umeahidi kutuchukua hata tupatapo mvi. Tunawaleta kwako wazazi wetu waliodhoofika, na wale wanaowainua, kuwaosha na kuwalisha. Utupe macho ya kuona ndani ya nyumba kabla hatujawaacha humo, na ukweli katika mapatano yetu. Utusamehe siku tulizokawia. Na kama yuko leo anayengoja mlango ufunguliwe, umtume mmoja wetu aufungue. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.